Paa Lisilotaka Chokaa

Evdoxia hakuwahi kumwamini mtu aletaye kitu cha bure, na Anestis wa ghorofa ya pili alikuja kumpa cha kulifunika paa zima.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, na Thessaloniki yote ilikuwa inatokota. Upepo wa baharini ulikuwa umekata. Watu wa ghorofa za chini walikuwa wamejifungia na viyoyozi vyao, na huko juu kabisa, ghorofa ya tano, Prodromos mume wa Evdoxia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akivuta pumzi kama mtu avutaye ndoo kutoka kisima kirefu. Mapafu yake yalikuwa yameliwa na vumbi la saruji enzi za kazi. Kiyoyozi hakukiweza; upepo wake ukimgusa tu alikohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Na joto nalo lilikuwa linammaliza. Daktari alikwisha kusema, tena bila kuzunguka: chumba hiki kikibaki tanuri, mzee atapelekwa nyumba ya wazee kule mlimani Hortiatis, kwenye hewa.

Evdoxia alimsindikiza daktari kwa heshima zote, akafunga mlango, kisha akasema nyumba ya wazee atakwenda mama yake yeye daktari. Tangu aolewe hajawahi kulala kwenye nyumba ambayo Prodromos hayumo, na hakujua jambo hilo hufanywaje.

Ndipo Anestis alipobisha hodi, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa fundi wa kuziba mapaa yasivuje, mwanamume wa karibu miaka sitini, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana nayo.

"Bi Evdoxia, nina dawa ya joto la mzee."

"Wewe tangu lini umekuwa daktari?"

"Si dawa ya kunywa. Ni utando, kama plastiki laini, mweupe pepepe. Naubandika juu ya paa, basi. Jua linarudishwa lilikotoka, na joto la chumba linapanda, linatokea kwenye utando, linakwenda zake angani."

"Unatumia waya gani?"

"Hauna waya."

"Injini?"

"Hauna injini, hauna umeme, hauna kelele."

"Sasa nani anaifanya hiyo kazi?"

"Anga lenyewe," alisema Anestis, akaangalia viatu vyake kama mtu aliyetoa jibu la kipumbavu. "Huko juu kuna baridi kubwa, Bi Evdoxia. Utando unalifungulia joto njia ya kwenda huko. Mchana na usiku."

"Na bei yake?"

"Umebaki kwenye kazi ya hospitali. Sitaki kitu."

Evdoxia alimtazama. Sitaki kitu! Mwanamke amekula chumvi yote hii, amezika wazazi na ndugu wawili, na bado hajakutana na mwanamume asiyetaka kitu. Tena huyu, miongoni mwa wanaume wote wa mji ule.

Maana lazima ijulikane kwamba jengo lile lilisimama kwenye kiwanja cha baba yake Evdoxia. Baba alitoa ardhi, mkandarasi akajenga, wakagawana vyumba kama ilivyo desturi. Ghorofa ya juu ikabaki kwa baba, pamoja na haki ya kujenga juu ya paa siku mtu akitaka. Mkandarasi yule mpaka anaingia kaburini alidai kwamba haki ya paa aliahidiwa yeye, kwa mdomo, wakiwa wanakula samaki. Baba naye mpaka anaingia kaburini alisema samaki waliliwa, ahadi haikutolewa. Paa likaandikwa kwa jina la Prodromos siku ya ndoa, maana enzi zile kwao baba wa binti ndiye aliyetoa mali. Na mkandarasi yule alikuwa baba mzazi wa Anestis. Mtoto wa nyoka ni nyoka, Evdoxia alisema, na alilisema hata Anestis alipomsaidia kupandisha mizigo ngazi tano.

"Mwache aubandike," Prodromos alisema kutoka chumbani, katikati ya pumzi mbili.

"Hujui anataka nini."

"Nataka kulala, mke wangu."

Evdoxia akakubali. Lakini siku ya kubandika alipanda juu na kiti chake cha kukunja, akakaa chini ya kivuli cha tangi la maji, akamsimamia Anestis tangu utando wa kwanza mpaka wa mwisho. Alimhesabia hata mapumziko ya sigara. Na mwishoni Anestis akasema neno lililomkaa rohoni mwaka mzima.

"Jambo moja tu, Bi Evdoxia, nakuomba. Usipake kitu hapa. Chokaa, rangi, chochote. Vumbi likizidi, osha kwa maji matupu. Huu utando hautaki kitu juu yake."

"Unanikataza paa langu?"

"Nakuomba."

"Haya," alisema Evdoxia, na moyoni akaliweka.

Septemba ilikuja na jua kali vilevile, ila chumbani mambo yalibadilika. Alianza kwa kudhani anajidanganya. Akapanda kitini, akaweka kiganja kwenye dari kama mtu ampimaye mtoto homa, na dari ilikuwa poa. Akapanda juu saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, akagusa utando ule, akautoa mkono haraka akajifanyia ishara ya msalaba. Ulikuwa wa baridi. Kigae cha ukingoni kilikuwa kinachoma vidole na utando, hatua moja kando, ulikuwa baridi kama sakafu ya kanisa.

Prodromos akaanza kulala. Akalala usiku, akalala na baada ya chakula, akaamka akaomba supu ya maharage na pilipili. Akamtania tena. "Evdoxia, kumbe unakoroma, nilikuwa sijui, kikohozi changu kilikuwa kinakufunika." Mwingine angeshukuru Mungu na kumpelekea Anestis sinia la keki ya maziwa. Evdoxia alishukuru Mungu, kweli, aliwasha na mshumaa. Keki hakuipika. Kadiri baridi ilivyozidi kuwa ya kweli ndivyo alivyozidi kuogopa, maana kitu kizuri namna ile hakiwezi kuwa cha bure, na kama bei haijatajwa basi bei ni kubwa.

"Anataka nini?" alimuuliza Prodromos kila alipompelekea chai.

"Anataka jirani yake apumue."

"Watu hawataki majirani wapumue. Watu wanataka majirani wahame."

Prodromos alicheka, akakohoa, akageukia ukutani. Evdoxia aliona namna alivyogeukia ukutani. Aliona kila kitu mwanamke yule, shida ni kwamba kila alichokiona alimtupia lawama Anestis.

Na Anestis naye alikuwa anampa sababu. Januari alimkuta juu ameshika utepe wa kupimia, anapima ukingo wa paa.

"Unapima nini?"

"Nakagua kingo tu, kama zimeshika."

"Kingo hukaguliwa kwa macho."

"Na kwa utepe, Bi Evdoxia."

Februari alimkuta amesimama tu, mikono mfukoni, anatazama ng'ambo ya ghuba mlima Olympus wenye theluji, kama mtu anayejaribu dirisha ambalo bado halijajengwa. Machi akamwona anapiga picha kwa simu. Usingizi ukamruka Evdoxia. Alikuwa amesikia sokoni kwamba sheria inamtambua mtu anayetumia mahali kwa uwazi miaka ikapita: leo utando, kesho picha, keshokutwa anakwenda kwa hakimu anasema tazameni, paa hili nani amelitunza? Na Iordanis je? Mwanawe wa pekee yuko Stuttgart na wajukuu wanaosema Kijerumani, na paa hili ndilo alilomwekea, ajenge vyumba vitatu arudi. Alikuwa amelilinda paa lile dhidi ya baba yake Anestis, akalilinda dhidi ya kodi, hatalipoteza kwa mwana kwa ajili ya plastiki.

Basi wiki kuu ya Pasaka ikafika, na Evdoxia akafanya wanachofanya wanawake wa kwao tangu bibi zao walipotoka ng'ambo ya bahari wakiwa wakimbizi. Alinunua chokaa.

Kwao mkono ushikao brashi ya chokaa wiki ile ndio mkono wa mwenye mali. Huwezi kupaka ngazi ya jirani, utaulizwa una kichaa. Unapaka kilicho chako, mtaa mzima unaona, na asiyepaka ni kama aliyehama. Mwaka huo, wenzake wakichemsha mayai mekundu, Evdoxia alipandisha ndoo moja moja mpaka juu. Akachanganya chokaa kama mama yake alivyomfunza, na buluu ya kufulia kidogo ndani yake ili weupe ukolee. Chokaa ikakataa kushika, ikateleza kwenye utando kama maziwa kwenye sahani. Akatia gundi. Akatia na buluu tena, maana gundi ilikuwa imeifubaza. Akapaka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, goti linamuuma, mpaka paa lote likawa la samawati hafifu kutoka ukingo mpaka ukingo, na kila balkoni ya jirani ikaona nani ameshika brashi.

"Ulikuwa unafanya nini huko juu?" Prodromos aliuliza.

"Naanika mapazia."

Aprili hapakuwa na neno. Mei kulikuwa na mvua. Juni chokaa ikaanza kupasuka, ikashika masizi ya barabara ya chini, ikageuka rangi ya majivu. Na wiki ya pili ya Julai joto likaingia mjini likakaa.

Chumba kikarudi kuwa tanuri. Prodromos akarudi ukingoni mwa kitanda. Supu ikaletwa ikarudishwa. Usiku Evdoxia alimpepea kwa ubao wa kukatia mboga mpaka mkono ukafa ganzi, na dari juu yao ilikuwa inatoa moto kama mgongo wa punda. Daktari akaja, akasikiliza kifua, safari hii hakusema na Evdoxia, alisema na simu. Jumatatu gari litakuja kumchukua.

Evdoxia akatoka kwenye ngazi, akainama kwenye uwazi wa katikati, akapiga kelele jengo zima likasikia.

"Anestis! Toka nje mwizi wewe! Toka watu wakuone! Plastiki yako imekufa, feki kama baba yako! Ulitulaza mwezi mmoja ili tukuamini, sasa mume wangu anakufa!"

Milango ikafunguka. Anestis akapanda, akampita, akaendelea mpaka juu. Alikaa huko kitambo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na vidoleni alikuwa na kipande cha chokaa ya samawati. Hakumpa Evdoxia, aliingia nacho moja kwa moja chumbani kwa mgonjwa, na Evdoxia nyuma yake.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi," alisema Evdoxia. "Kwani nani mwingine? Paa ni letu. Nimepaka chokaa kabla ya Pasaka kama mama yangu."

"Nilikuomba usipake. Na buluu hii, Bi Evdoxia! Umeufunika wote. Utando hauoni anga tena. Buluu inakunywa jua lote."

"Nimepaka kilicho changu!"

 Anestis alimgeukia Prodromos kama mtu anayeomba ruhusa.

"Mwambie," alisema Prodromos.

"Mzee, hili si langu kulisema."

"Basi niinue." Anestis akamwinua, akamwekea mto mgongoni, na Prodromos akasema vipande vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Paa nimempa Anestis. Haki ya kujenga. Agosti ile. Mwanasheria alikuja ukiwa sokoni. Yeye anatupoza sisi, mimi nampa paa. Si la bure, mke wangu. Ulisema kweli. Uliona kila kitu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Evdoxia alikuwa amelitega sikio lake ngazi zote tano na mwizi alikuwa kitandani kwake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpelekea chai.

"Umeuza anga la baba yangu," alisema. 

"Nimeuza ili nife kwenye kitanda changu."

"Na Iordanis?"

"Nilimpigia. Alisema uza, baba. Alisema harudi. Alijua tangu zamani kwamba harudi, aliogopa kukwambia." Akapumzika. "Na mimi niliogopa kukwambia. Wote tunakuogopa, Evdoxia. Ungekataa. Ungeniacha nikakauka hapa huku unalinda paa."

Alitaka kusema si kweli. Alifungua mdomo aseme, akaona kwamba ni kweli kabisa, kwamba asubuhi ile ya Agosti angesimama mlangoni na ufagio na Prodromos angekwenda Hortiatis.  Akatoka, akaenda jikoni, akaosha chombo ambacho kilikuwa kimeoshwa.

Alfajiri ya Jumamosi akasikia kitu kinakwaruza juu ya dari. Mara ya kwanza, mara ya pili, taratibu. Akachukua ufagio, akapanda ngazi za paa akiwa na nguo ya kulalia.

Anestis alikuwa amepiga magoti na ndoo ya maji yenye siki, kitambaa begani, na kibao cha plastiki mkononi. Alikuwa anakwangua. Sehemu ndogo kama meza ya kulia ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe.

"Unataka nini tena?" alisema Evdoxia. "Paa si umeshapata?"

"Nakwangua."

"Kwa nini?"

"Tuliandikiana, Bi Evdoxia. Sitaweka hata tofali moja mzee akiwa hai. Na muda wote huo chumba chake kiwe baridi. Ndiyo sehemu yangu."

Evdoxia akalipima neno hilo huku na huku, akitafuta lilikofichwa shimo. Akaliona. "Basi ndiyo maana. Unangoja afe! Unapima, unapiga picha, unangoja mume wangu afe upate kujenga!"

Anestis akaweka kibao chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Evdoxia kumwona amekasirika, na hata hasira yake ilitoka kwa sauti ndogo.

"Ningekuwa nataka afe, Bi Evdoxia, leo ningelala nyumbani kwangu. Nisingepanda hapa. Chokaa yako ingenimalizia kazi."

 Evdoxia alisimama na ufagio wake, akamkagua mikono, akakagua ndoo, akakagua uso, akitafuta hila hata ndogo ya kushikia. Hakuipata, na kutoipata kuliuma kuliko kuibiwa. Mwaka mzima alikuwa macho asije mtu akamdhuru mume wake, na aliyemdhuru alikuwa amebeba ndoo kwa mikono yake mwenyewe.

Akashuka. Anestis akafikiri amekwenda kumwita mtu. Alirudi na chupa zote za siki zilizokuwa jikoni, na kisu cha kupakia siagi.

"Si kisu," alisema Anestis, "utauchana." Akamvunjia kibao chake vipande viwili.

"Nianzie wapi?"

"Hapa. Kitanda chake kiko chini ya hapa."

Walikwangua Jumamosi mpaka jua likawafukuza, wakarudi jioni. Jumapili hakwenda kanisani, jambo ambalo mtaa ulilizungumza. Hawakusemezana zaidi ya nipe maji, sogea, hapo umeacha. Kila baada ya muda Evdoxia alishuka kumwangalia mgonjwa, akapanda tena. Jumapili alasiri alishuka akakawia, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Prodromos alikuwa amelala, mdomo wazi, dari imepoa.

Jumatatu asubuhi walikuwa kwenye kona ya mwisho, upande wa barabara, gari la wagonjwa liliposimama chini likapiga honi. Evdoxia akanyanyuka kwa shida, akashika ukingo, akainama.

"Mmekosea nyumba!" alipiga kelele. "Hapa hakuna mtu wa kwenda popote! Rudini mlikotoka!"

Dereva akatazama juu, akatikisa mkono, akazozana na karatasi zake. Evdoxia hakumngoja amalize. Alirudi akapiga magoti kando ya Anestis, akachovya kitambaa.

"Utajenga ghorofa ngapi?" aliuliza bila kumtazama.

"Moja tu. Vyumba viwili, kwa binti yangu."

"Madirisha yataangalia wapi?"

"Baharini."

Evdoxia alikwangua kipande kilichokaidi, akakilowesha, akakikwangua tena mpaka kikang'oka, akapuliza vumbi lake lote, akapitisha kiganja kuhakikisha hakuna kilichobaki.

"Basi utangoja sana, Anestis," alisema. "Lete siki."